Talaka Iliyokaa Ndani ya Pijo

Mpaka leo nikisikia gari limezima ghafla barabarani, moyo wangu unaruka. Gari lenyewe silijali hata kidogo. Ninachokumbuka ni Zuleha binti Sabiti, ambaye kwa miaka kadhaa ndoa yake ilikaa ndani ya injini ya Pijo, na mimi jirani yake nikawa shahidi tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Wapo wanaoisimulia habari hii kwa kucheka. Mimi siwezi. Nilipigwa na butwaa siku ile, na nikisema ukweli, halijanitoka.

Zuleha alizaliwa Shinyanga mjini, nyuma ya stesheni. Baba yake, mzee Sabiti, alikuja na reli kutoka Ujiji, akafanya kazi ya mizigo, akaoa hapohapo. Mtoto akasoma chuo kwa Maalim Abdu, akasoma shule mpaka darasa la nne, kisha akashika biashara ya vitumbua sokoni. Maneno yake yalikuwa machache, lakini mikono yake haikujua kutulia. Ukikaa naye barazani na pindo la kanga yako limeshonwa vibaya, atalifumua alishone upya bila kukuuliza, na wewe unaendelea kuongea.

Aliolewa na Akida, dereva wa teksi ya Pijo. Mungu hapendi uongo: Akida alikuwa mcheshi na mkarimu, jirani akilala njaa yeye halali. Tatizo lilikuwa hasira. Zilikuwa kama moto wa mabua, zinawaka haraka na kuzima haraka, ila kabla hazijazima zimeshaunguza kitu. Kwa hasira hizo alikuwa amekwisha kumpa mkewe talaka mbili. Ya kwanza ilitoka kwa sababu ya mchuzi uliozidi chumvi. Ya pili ilitoka kwa sababu Zuleha alikwenda Kolandoto kumwuguza shangazi bila kuaga. Mara zote mbili alimrejea kabla ya eda kwisha, akibubujikwa na machozi. Na kila aliyekaa chuoni anajua kwamba zikifika tatu, mlango umefungwa. Tulikaa nyumba moja, vyumba vyetu vinatazamana, ua mmoja. Nilikuwa nasikia hata wakikohoa.

Ilikuwa mwaka wa themanini na mbili au na tatu, wakati hata sabuni tunaipangia foleni. Habari za dhahabu ya Geita zilikuwa kila mdomo, na wanunuzi wa dhahabu walikuwa wakichukua teksi stendi ya Shinyanga, wanapita Tinde na Kahama mpaka Kalangalala, huko Geita. Watu wale wakishika fedha hawataki kupanda gari bubu. Dereva asiye na muziki alikuwa anaachwa amekaa kwenye boneti anapiga miayo. Basi Zuleha akamwambia mumewe, nunua redio kaseti. Akida akainunua dukani kwa Liaquat, pamoja na spika mbili za kuweka nyuma, na siku aliyokwenda Mwanza akamkuta fundi mmoja wa barabarani akamfungia. Alirudi jioni mtaa mzima unamsikia kabla hajafika. Watoto walicheza mpaka vumbi likatufanya tufunge madirisha.

Furaha haikumaliza wiki. Pijo likaanza kuzima. Linakwenda vizuri, muziki unalia, mara puu! Kimya. Ukisubiri kidogo linawaka tena kana kwamba halijafanya kosa. Lilizima kwenye makutano ya reli. Lilizima likitoka Tinde. Akazima redio, akaendesha kimyakimya, likazima vilevile. Siku ya mwisho lilizima katikati ya stendi, limejaa abiria, na madereva wenzake wakamzomea. Wakalisukuma mpaka nyumbani, huku mmoja akiimba kwamba Akida amenunua redio akapewa gari la kuvuta.

Mimi nilikuwa uani nasonga ugali. Akaingia uso umemvimba. Zuleha, na hapo ndipo nilipotamani angenyamaza, akasema kwa upole, "Baba, si nilikuambia usimpe yule fundi?"

"Wewe ndiye uliyetaka redio!" Akida akapiga kelele. "Wewe! Umenitia aibu mji mzima! Wallahi, gari hili likizima tena njiani, Zuleha ameachika!"

Mwiko ulinitoka mkononi ukaangukia majivu. Akida alijiziba mdomo kwa viganja viwili, kana kwamba neno bado lingeweza kushikwa likiwa kwenye meno.

"Shemeji," akaniambia kwa sauti ndogo, "sikusema."

"Umesema, shemeji," nikamjibu. "Umesema na umeapa."

Zuleha hakulia. Aliketi kwenye kibao cha mbuzi akalitazama lile gari lililosukumwa mpaka mlangoni, jinsi unavyomtazama mgeni aliyekuja na habari ya msiba.

Maalim Abdu aliitwa. Alikuwa mzee mpole, amemfundisha Zuleha alifu kwa kijiti, na aliposikia alifunga macho. Akida alimpigia magoti aitengue ile kauli.

"Neno si kamba, mwanangu, nikufungulie," Maalim akasema. "Umeweka sharti. Sharti likitimia, talaka imepita, na hii ni ya tatu."

"Nikifika stendi nikalizima kwa ufunguo?"

"Ukifika umefika. Njiani ni kabla hujafika."

"Na likiisha petroli?"

"Limezima."

"Na nikilizima mwenyewe, nasubiri treni ipite?"

"Usilizime. Subiri linaunguruma. Wewe hukutaja lizime kwa sababu gani wala na nani, umesema likizima."

Akida akauliza kama basi aliache gari milele. Maalim akamwuliza atakula nini. Pijo lile ndilo lililokuwa shamba lake na ng'ombe wake. Kilichobaki ni kimoja tu: ugonjwa upatikane kabla tairi halijagusa barabara tena. Lakini hata kulipeleka kwa fundi kulikuwa hatari. Maalim akatoa ruhusa lisukumwe liingie uani, maana gari ambalo halijawaka haliwezi kuzima. Vijana walilisukuma, mimi nikafungua kamba yangu ya kuanikia nguo lipate kupita, na Pijo likalala katikati yetu kama ng'ombe wa mahari.

Asubuhi akaja Makoye, fundi umeme wa magari, Msukuma mwenye mabega ya kubeba magunia. "Mwangaluka, mayu," akamsalimia Zuleha kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama, akaingia kazini. Alikuwa na taa ndogo yenye nyaya mbili, mmoja anaushikiza kwenye bodi ya gari na mwingine anagusisha huku na huku. Taa ikiwaka, umeme umefika hapo. Isipowaka, umepotelea nyuma. Alipima betri, nzima. Alipima fyuzi, nzima. Alisafisha nati za koili, ile inayotoa cheche za kuwasha injini, akakaza kila kilicholegea. Zuleha alisimama begani mwake na kumwuliza kila anachogusa ni nini, na Makoye, mtu mwema, alimjibu.

Mwisho akasema, "Ubishi wa nini? Toka redio iingie ndiyo shida imeanza. Tuitoe." Akaing'oa redio, akazifunga ncha za waya wake kwa tepu nyeusi. Akida akawasha. Injini ikaunguruma nikainjika maharage, yakachemka, yakaiva, bado inaunguruma. Akida aliruka, akamkumbatia Makoye, akataka kulitoa barabarani papo hapo.

"Hapana," akasema Zuleha.

"Hapana nini tena, mke wangu? Limepona!"

"Hata siku zile likiwa limesimama halikuwa linazima. Linazima likienda." Akamgeukia. "Kule kwenye reli, kule Tinde, pale stendi. Mkono wako ulikuwa wapi?"

"Mkono gani? Nilikuwa naendesha!"

"Mkono wa kulia au wa kushoto, ulikuwa umeshika nini?"

Akida akafikiri. Gia ya Pijo lile ilikuwa kwenye usukani, mkonga mwembamba pembeni ya gurudumu la kushikia. Akainua mkono hewani kama anaendesha, akajiona. Kote kule mtu hupunguza mwendo. Kote kule hubadili gia.

Zuleha akafungua mlango akaketi kwenye kiti cha dereva. Hakuwa amewahi kukikalia. Akamwuliza Makoye kanyagio la klachi ni lipi, akalikandamiza mpaka chini, na injini ikiwa inaunguruma akaanza kuusogeza ule mkonga. Gia ya kwanza, injini bado inaunguruma. Akauvuta kwenda ya pili.

Puu! Moshi mwembamba ukatoka chini ya usukani. Pijo likazima.

Sijui niliseme vipi lile jambo. Akida alikaa chini mavumbini, mtu mzima, akashika kichwa, kisha akanyanyuka mbio kwenda kumwita Maalim, hana hata kiatu. Je, ua ni njia? Ndilo swali lililokuwa limebaki kati ya mke na mume. Maalim akaja anatweta, akaangalia gari, akaangalia uzio, akaenda kusimama mlangoni mwa ua.

"Njia ni ya watu wote," akasema mwishowe. "Hapa mtu haingii mpaka apige hodi. Si njia. Mkeo bado mkeo."

Mimi nililia kwa sauti. Ila Zuleha mwenyewe hakuwa amesubiri hukumu. Alikuwa amekwisha kuingiza mkono nyuma ya usukani, mahali ambapo mkono wa Makoye usingepita hata kwa sabuni, na akatoa ncha ya kidole imeungua.

"Ugonjwa uko hapa," akasema.

Yule fundi wa Mwanza hakutafuta umeme wa redio kwenye fyuzi. Aliuchuna waya uendao kwenye koili, ule unaoipa injini uhai, akaunganisha wa redio humo humo, kisha akazipitisha nyaya nyuma ya chuma cha gia. Kila gia ya pili ikiingia, chuma kile kiliutafuna ule waya. Plastiki ikaisha, shaba ikabaki uchi. Shaba ikigusa chuma, umeme wote unakwenda kwenye bodi, na koili haipati kitu. Ndiyo maana kuitoa redio hakukusaidia, kwa sababu jeraha lilibaki kwenye waya wa gari lenyewe. Makoye aliketi kwenye tairi akatikisa kichwa. "Mayu, mimi ningelibomoa gari zima," akasema. Wakaweka waya mpya, wakaupitisha mbali na gia, na pale unapopenya kwenye bati wakauvisha kipande cha ndala ili usikatwe.

Siku ya kulitoa barabarani mtaa ulisimama. Zuleha alikaa pembeni ya mumewe, kanga imembana kidevuni. Wakaenda mpaka kwenye reli, wakarudi. Redio inalia. Gia ya pili, gia ya tatu, gia ya pili. Halikuzima. Tulipika pilau, na Maalim akala sahani mbili.

Ningependa kuishia hapa, na wengi wakisimulia huishia hapa. Lakini sharti lilikuwa halijafa. Kiapo hakikuwekewa mwaka. Pijo likizima njiani leo, kesho, au mwaka ujao, ni talaka ya tatu. Kwa hiyo kila alfajiri baada ya sala Zuleha alikuwa anaingia chini ya dashibodi na taa ndogo kama ile ya Makoye, anaukagua waya mmoja mmoja, ndipo mumewe aondoke. Kwa kukagua huko akajua. Madereva wenzake Akida wakaanza kuja na redio zao kaseti: hii inaunguza fyuzi, hii inamaliza betri usiku, hii inavuma injini ikipanda. Makoye mwenyewe akawa anamletea kazi za mahali pembamba. Akaacha vitumbua. Akapata sanduku la bati la vyombo, bisibisi, koleo, tepu, na watu wakamwita fundi Zuleha hata mbele ya mumewe.

Nadhani hapo ndipo Akida alipoharibika. Kwanza ilikuwa mzaha. "Leo petroli kidogo, mke wangu, ongeza dua." Zuleha anacheka kidogo, macho hayacheki. Kisha ikawa wakigombana, Akida hapigi kelele tena. Anangoja wakiwa pamoja garini, anaondoa mguu kwenye mafuta mpaka injini inakohoa, na anamtazama. Au anaweka kidole kwenye ufunguo. Hakuhitaji kusema kitu. Zuleha anakubali. Aliacha kwenda Kolandoto kwa shangazi yake. Aliacha kuja kwenye arusi zetu. Hasira ambazo zamani zilikuwa moto wa mabua sasa zilikuwa mtu anatabasamu ameshika ufunguo, na mimi nasema nilitamani yale mabua.

"Shemeji, huoni haya?" nilimwuliza siku moja.

"Namtania tu," akasema. "Anajua nampenda."

Na kweli alimpenda. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo.

Basi ikawa siku moja tunakwenda upande wa Tinde. Zuleha alikuwa ameitwa kutazama lori lililomwunguzia mtu redio, mimi nakwenda kununua vitunguu. Nyuma pamoja nami alikaa Athanas, mnunuzi wa dhahabu anayekwenda Kalangalala, mtu wa kofia na kicheko kikubwa. Redio inalia. Akida, kwa kumfurahisha abiria, akaanza kumsimulia kisa cha kiapo chake, na jinsi mke wake anavyotii kuliko wake wa wanaume wote wa Shinyanga.

"Hutaki kuamini? Tazama," akasema. Akaweka kidole kwenye ufunguo. "Zuleha. Leo ukifika Tinde ufundi mwisho. Hilo sanduku nitaliuza. Umesikia?"

Athanas akacheka. Mimi nilikodoa macho kwenye kisogo cha Zuleha. Nilijua atasema ndiyo, maana miaka yote alikuwa anasema ndiyo.

Safari hii aliinama taratibu, nikadhani anatafuta kiatu, akaupeleka mkono nyuma ya usukani, pale ambapo mkono wa Makoye haukuwahi kupita, akauchomoa waya. Injini ikakatika. Redio ikakatika. Ghafla tukasikia upepo, na mawe madogo chini ya tairi.

"Zuleha!" Sauti ile sikuwa nimeisikia kwa Akida tangu siku ya ua. Gari lilikuwa bado linaserereka. "Rudisha! Rudisha kabla halijasimama! Zuleha, mke wangu, nakuomba, rudisha!"

Zuleha aliweka mikono yake miwili mapajani. Pijo likaenda, likaenda, likapunguza, likasimama pembeni ya shamba la pamba. Athanas alivua kofia. Mimi mdomo ulikuwa wazi na sikuweza kuufunga.

"Limezima," akasema Zuleha.

"Umelizima wewe! Nilikuwa natania!"

"Najua ulikuwa unatania. Hayo mengine kamwambie Maalim."

Akida akalaza paji la uso kwenye usukani akalia, na mimi niliyemchukia dakika moja iliyopita nilimwonea huruma. Zuleha aliinama tena. Aliurudisha waya mahali pake, akajinyoosha. "Washa," akamwambia, kama anavyowaambia wateja. Akida akazungusha ufunguo, injini ikaitikia mara moja, na redio ikaendelea na wimbo ulipoishia. Zuleha akachukua sanduku lake, akashuka, akaufunga mlango polepole usije ukabamiza.

"Usimcheleweshe abiria," akasema.

Nilishuka nami, sijui ni nani aliyeniambia nishuke. Tukashika njia ya kwenda Tinde kwa miguu, yeye mbele na sanduku kichwani, mimi nyuma yake. Tulikwenda mwendo mrefu kabla sijathubutu kugeuka. Lile Pijo lilikuwa palepale pembeni ya pamba, linaunguruma na kumaliza petroli ya watu, maana Akida alikuwa bado anaogopa kulizima.